Bomba Nililolificha Ukutani

Mke wangu ndiye aliyesikia harufu kwanza, asubuhi moja alipokuwa anafagia chumba chetu cha kulala. Mimi nilikuwa uani nanoa jembe. Akaniita.

"Mzee, kuja unuse. Mu hii chumba iko kitu imekufa."

Niliingia, nikasimama katikati ya chumba, nikavuta pumzi. Sikusikia ila nguo na mafuta ya mawese tuliyokuwa tumeweka kwenye kona.

"Hakuna kitu," nikamwambia.

"Hakuna kitu kwa pua gani? Inama kwanza."

Nikainama kidogo, kumridhisha tu. Hapo ikanijia: kama yai viza, kama kitunguu kilichosahauliwa ndani ya mfuko. Nikasimama wima, ikapotea. Nikainama, ikarudi. Nilifanya hivyo mara nne au tano, na mke wangu ameegemea ufagio wake ananicheka. Jambo lile lilinishangaza kweli. Harufu ya kitu kilichokufa hujaza nyumba nzima. Hii ilikaa chini kama maji katika beseni. Kwa nini?

Swali lilikuwa zuri. Kosa ni kwamba nililiuliza kisha nikaliacha, kwa sababu nilikuwa na jibu jingine mkononi, jepesi zaidi. Nikasema, "Ni panya. Amefia ukutani."

Lazima nieleze kwanza jinsi gesi ilivyofika nyumbani kwetu, maana hapa Kasongo karibu kila mtu anapikia kuni au makaa. Mke wangu alikuwa na kikohozi cha miaka mingi. Kila alipoinama kupuliza moto, alikohoa mpaka akashika nguzo ya jiko. Mwaka huo alianza kukohoa hata akiwa amekaa. Nesi wa kituo cha afya alimsikiliza kifua, akaniita na mimi ndani, akasema waziwazi: moshi ndio unaokimaliza kifua hiki, na kama ataendelea na kuni hatafika mbali. Mtoto wetu wa kwanza, anayefanya kazi Kalemie, alipopata habari alituma jiko la gesi la mioto miwili, mtungi, na bomba refu la shaba nyekundu.

Mizigo ilikuja kwa pikipiki, kupitia Kabambare. Njiani mwenye pikipiki aliona bomba linamsumbua: linakwaruza majani ya pande zote mbili, na kwenye madaraja ya miti linakwama. Alipofika Wamaza aliazima msumeno wa chuma, akalikata vipande vitatu, akavifunga vizuri pembeni ya kiti. Alipoteremka mbele ya nyumba yangu alikuwa na furaha.

"Mzee, hesabu mwenyewe. Hakuna hata kipande moja imepotea."

Ni kweli, hakikupotea hata kimoja. Nilimshukuru, tukampa maji na ndizi.

Mimi nilimaliza sekondari, kisha nikajifunzia kazini ufundi wa mabomba ya maji. Kwa miaka mingi niliweka mabomba katika hospitali na shule za huku kwetu, na mpaka leo wazee wenzangu huniita plombie. Kwa hiyo sikuona sababu ya kumwita mtu mwingine. Ndani ya boksi la jiko kulikuwa na karatasi ya maelezo kwa Kifaransa. Niliisoma mpaka mahali inaposema mtungi ukae nje ya nyumba. Hilo niliona lina akili, nikalikubali. Nilipofika kwenye picha za mabomba nikaikunja. Mabomba nayajua, nilijiambia.

Nilichukua chumba kidogo cha akiba, kilicho ukuta kwa ukuta na chumba chetu cha kulala, nikakifanya jiko. Mtungi nikauweka nje, upande wa pili kabisa wa nyumba, katika kibanda chenye mlango na kufuli. Kwa hiyo bomba lilipaswa kupita urefu wote wa ukuta wa chumba cha kulala kabla ya kufika jikoni. Na nililificha ndani ya ukuta. Huku kwetu shaba nyekundu haikai nje. Watu hukata waya wa umeme, wakaenda kuuyeyusha kutengeneza bangili. Bomba la shaba linalong'aa ukutani lisingemaliza wiki.

Vipande vitatu havikutosha kwenda moja kwa moja na kukata kona. Nikakumbuka hesabu ya pembetatu niliyofundishwa sekondari, kwamba njia ya mshazari ni fupi kuliko pande mbili. Nilifurahi sana na akili yangu. Nikachimba mfereji wa mshazari katika ukuta wa matofali mabichi, kutoka chini upande wa mtungi kupanda mpaka kiunoni upande wa jiko. Vipande vikatosha, hata vikabaki vidole viwili.

Kwa kuunganisha nilihitaji chombo cha kupanua ncha za shaba, ambacho sikuwa nacho. Sokoni kuna fundi wa frigo, yaani majokofu, mtu wa Kabambare, mwenye mvi za kwanza kichwani. Mafundi wa frigo wanajua shaba kuliko sisi wa maji. Nilienda kukiazima kwake.

"Ni ya nini, Papa?" akaniuliza.

"Ya gesi. Iko na rakor mbili za kufunga." Rakor ndicho kiungio kinachoshika mabomba mawili pamoja kwa kukazwa na spana.

"Na hizo rakor zitakaa wapi?"

"Mu ukuta."

Akaacha alichokuwa anafanya. "Hapana, Papa. Rakor isikae mu ukuta. Mahali iko rakor, jicho ifike."

"Mwanangu, weye ulikuwa hata bado kuzaliwa, mi nilikuwa natia tiyo mu hopitali."

"Tiyo ya maji, Papa."

"Tiyo ni tiyo," nikamjibu.

Watu wawili waliokuwa wanangoja frigo zao wakacheka, na mimi nikacheka nao. Akanipa chombo. Maneno yangu yale matatu, bomba ni bomba, nimeyarudia moyoni mara nyingi kuliko sala zangu.

Nikafunga viungio vyote viwili, nikavikaza kwa nguvu zangu zote. Kisha nikafanya jaribio, maana mimi si mtu wa kuacha kazi bila kuijaribu. Nilijaza bomba maji, nikaziba ncha mbili, nikangoja kutoka asubuhi mpaka jua la saa nane. Nikapitisha kidole chini ya kila kiungio. Kikavu. Nikamwaga maji, nikapuliza bomba, nikafunika mfereji kwa udongo, nikapiga lipu, mke wangu akapaka chokaa. Ukuta ukawa laini kama hakukupita kitu. Sikumwonyesha mtu mahali bomba linapopita, hata yeye. Siri ya kumzuia mwizi, nilisema, inakaa vizuri kwa mtu mmoja.

Na kweli, mwanzoni mambo yalikuwa mazuri. Majirani walikuja kutazama moto wa buluu. Mdogo wake mke wangu alikuja kutoka Nyangwe, akala maharage yaliyopikwa kwa gesi, akasukuma sahani.

"Dada, hii chakula haina harufu ya moto. Ni kama ya mugonjwa."

"Mi ndiye mugonjwa," mke wangu akamjibu. "Kula."

Baada ya mwezi mmoja alikuwa anapika sombe, mboga ya majani ya muhogo, tangu mwanzo mpaka mwisho bila kukohoa. Nilikuwa nakaa nje nikisikiliza kimya kile. Sidhani kama nimewahi kujivunia kazi yoyote hivyo.

Ndipo ikaja harufu.

Sasa nikitazama nyuma, naona ukuta ulikuwa unaniambia kila kitu. Mke wangu alianza kuamka na kichwa kizito, kisha kikapoa akitoka nje. Mtungi wa pili uliisha mapema kuliko wa kwanza. Na mimi, badala ya kujiuliza gesi imekwenda wapi, nilimuuliza yeye.

"Unapikia nani huko jikoni?"

Akanijibu, "Napikia weye, mzee. Hapa iko nani mwingine?"

Hilo nalo nalihesabu kati ya makosa, na pengine si dogo.

Siku chache baadaye, nilipovuta kitanda, nikaona tundu dogo chini ya ukuta, la kuingia kidole. Nikalala kifudifudi nikanusa. Harufu ilitoka pale pale, kali. Nikafurahi kama mwindaji. Hapa ndipo mlango wa panya!

Mimi nilikulia upande wa Lusangi, na huko tulijifunza kuwatoa panya wa shambani kwa moshi wa pilipili. Unaweka pilipili kavu juu ya makaa, unapepea moshi uingie tundu, panya anatoka mwenyewe akilia. Nikasema nitafanya hivyo hivyo.

"Panya si ulisema imekufa?" mke wangu akauliza. "Sasa utaifukuza namna gani?"

"Nafukuza ndugu zake."

"Mzee, ita kwanza yule fundi ya frigo. Mi nafikiri ni gesi."

"Gesi iko upande ya jiko, bomba haipiti hapa chini. Na fundi ya frigo anajua nini juu ya panya?"

Alisema "gesi". Alilitamka. Nataka hilo lijulikane, maana baadaye watu walisema tulipatwa na bahati mbaya.

Nilifunga dirisha la mbao tangu asubuhi, ili moshi wa pilipili usitoke. Mchana nikawasha mbabula, jiko dogo la makaa, nje, makaa yakashika, nikatupia pilipili. Nikamwambia mke wangu akae mbali kwa ajili ya kifua chake. Hakwenda mbali. Alisimama mlangoni amejifunika pua kwa kitenge, kwa sababu, alivyoniambia baadaye, hakuniamini.

Nikaingia nimeinamisha mbabula kuelekea sakafuni.

Sikusikia mlipuko. Ilikuwa kama mtu amepumua kwa nguvu, *huuu*. Mwali wa buluu ukakimbia juu ya sakafu, ukapita katikati ya miguu yangu, ukafika mlangoni kabla sijageuza kichwa. Mkeka ukashika. Pindo la kitenge cha mke wangu likashika. Mimi nilivaa suruali nzito na mabuti ya shamba, nikaunguzwa nywele za mikono tu. Yeye alikuwa na ndala.

Nikavuta blanketi kitandani nikampiga nalo miguuni mpaka moto ukazima. Nilikuwa bado nakanyaga mkeka nilipomwona anachechemea kuzunguka nyumba. Nikadhani anakimbia. Alikuwa anaenda kibandani, ufunguo mkononi. Yeye ndiye aliyefunga robine, ile koki ya mtungi. Kisha akakaa chini kwenye udongo, akatazama mguu wake wa kushoto, ngozi imetoka kuanzia kifundo mpaka karibu na goti, na ndipo akaanza kulia.

Nesi alimfunga mguu.

Fundi wa frigo alikuja kesho yake asubuhi, bila mimi kumwita. Habari ilikuwa imefika sokoni. Nilikuwa tayari kusikia "nilikuambia". Badala yake alifungua milango na madirisha yote, akapiga magoti, akanusa sakafu polepole kutoka kona hadi kona.

"Hii gesi ni nzito kupita hewa, Papa. Ikitoka, inashuka, inalala chini. Ndiyo maana mutu akisimama haisikii."

Kumbe lile swali la asubuhi ya kwanza jibu lake lilikuwa hilo, la sentensi moja.

"Sasa nionyeshe bomba inapita wapi," akasema.

Nikasimama mbele ya ukuta mweupe. Nilijua ni mshazari. Lakini unaanzia kimo gani? Unapita juu ya kitanda au chini yake? Nilipiga ukuta kwa vidole, nikatega sikio. Nikamwonyesha mahali, tukabomoa, hakuna. Nikamwonyesha pengine, hakuna. Mke wangu alikuwa amekaa mlangoni, mguu juu ya kiti.

"Plombie," akasema, "unatafuta hata tiyo yako? Pengine mwizi alishaibeba."

Fundi alicheka mpaka akaweka nyundo chini. Mimi pia nilicheka, ingawa macho yangu hayakucheka. Akanieleza kwamba hii nayo ni sababu bomba linalopita ukutani halipitishwi mshazari. Linapanda wima juu ya jiko lenyewe au linalala sawasawa kulifuata, ili hata mtu asiyeijua nyumba akiona ncha moja ajue njia yote na asiligongelee msumari. Nilikuwa nimetundika picha ya arusi yetu ukutani humo mwezi uleule wa moto. Baadaye tulipopima, msumari ulikuwa umekosa bomba kwa upana wa viganja viwili.

Mara ya nne tukalipata, tukalifuata mpaka viungio vyote viwili vikawa wazi. Na hapo niliona kitu ambacho, pamoja na aibu yote, kilinishika nikasahau kwa muda kilichotuleta pale. Ndani ya ukuta wangu, nyuma ya lipu laini, mchwa walikuwa wamechimba vijia vyao. Vijia vyembamba kama kalamu, vimepakwa udongo ndani, vinapita kati ya matofali kushoto na kulia, vinapanda, vinashuka, vinakutana. Ukuta mzima ulikuwa na mabomba mengi kuliko yale niliyoweka mimi.

Fundi akakoroga sabuni ya unga na maji kidogo mpaka likawa povu zito. Akampigia mke wangu kelele kwamba mtu yeyote asiwashe moto uani, akafungua robine kidogo sana, akapaka povu kwenye kiungio cha kwanza. Povu likatulia. Akapaka cha pili, kile cha karibu na jiko. Tukangoja. Kipovu kimoja kikavimba taratibu, kikawa kama punje ya mahindi, kikapasuka. Kikaja kingine.

"Lakini nilijaribu kwa maji," nikasema. "Tangu asubuhi mpaka saa nane. Halikutoka hata tone."

"Maji ni mavivu, Papa. Gesi inapita mahali maji inakataa."

Akaniambia nipake povu kwenye tundu la chini ya kitanda. Kutoka kiungio mpaka tundu ni hatua nne nzima. Nikapaka. Likavimba pale pale. Gesi ilitoka kwenye kiungio, ikaingia vijia vya mchwa, ikatembea ndani ya ukuta na kuja kutoka tulipolaza vichwa vyetu. Nilimwomba afunge, kisha afungue tena, nione mara ya pili. Akafanya hivyo bila kuchoka. Mke wangu akasema, "Muache aone. Ndiyo masomo aliyokosa."

Tulitoa bomba lote. Fundi alikataa kutumia vipande vile. Akasema tutafute bomba moja laini, lililokunjwa duara, lisilo na kiungio. Lilichukua wiki tatu kufika kutoka Kalemie. Kwa wiki zile tatu mke wangu alirudi kwenye kuni, mguu umefungwa, amekaa juu ya kigoda mbele ya mafiga. Nilisema nitapika mimi. Nilipika siku nne. Wali ukaungua, maharage yakawa mawe, akaniondoa. Kikohozi kilirudi siku ya tano. Mwisho wa wiki ya tatu alikuwa anashika nguzo tena, na mimi nikiwa uani nikisikia kila kikohozi.

Bomba lilipofika, fundi alihamisha mtungi mpaka nyuma ya ukuta wa jiko lenyewe, katika kibanda kipya chenye matundu chini ya mlango. Bomba likapita ukutani mara moja tu, moja kwa moja, urefu wa tofali moja. Hata hapo hakuligusisha na udongo. Kwanza aliweka kipande cha bomba pana la plastiki kutoka upande mmoja hadi mwingine, akalipitisha la shaba ndani yake. Upande wa jikoni akaziba nafasi iliyobaki, upande wa nje akaiacha wazi, ili gesi ikivuja humo iende uani, isiingie nyumbani. Ndani, bomba linaonekana lote, limeshikwa ukutani kwa vibanio. Akatoboa ukuta wa nje wa jiko usawa wa sakafu, tundu la ukubwa wa tofali, akaweka wavu. Nikamuuliza habari za wezi.

"Paka rangi ya mafuta, Papa. Mwizi anapenda kitu inang'aa."

Nikalipaka rangi ya kahawia. Hakuna mtu aliyeligusa mpaka leo.

Bado jambo moja lilibaki, na halikuwa mikononi mwa fundi. Mke wangu hakutaka kuwasha. Jiko lilikaa siku sita limefunikwa kitambaa, na yeye akaendelea na mafiga akikohoa. Nilimwambia ni salama. Nikamwambia fundi mwenyewe amelijaribu. Hakubishana, aliendelea kuchambua mboga. Siku ya sita akaniambia, "Weye uliniambia ni salama ile mara ya kwanza pia."

Nikaenda sokoni nikamwomba fundi aje amfundishe yeye, si mimi. Alimfundisha asubuhi nzima: robine inafungwaje, povu linapakwa wapi, ukisikia harufu unafungua nini, unafunga nini, na kitu gani hakiwashwi. Mimi nilikuwa nje kwa amri ya mke wangu. Nilimsikia akiuliza maswali mengi, mazuri, yale ambayo mimi sikuyauliza.

Fundi alipoondoka, mke wangu akakoroga povu lake mwenyewe. Akapaka kila kiungio, akangoja, akapaka tena. Nikamwona kupitia mlango ameinama, mguu wa kovu umenyooshwa pembeni. Nikapiga hatua moja kuingia.

"Baki hapo," akasema.

Nikabaki uani. Nikasikia kiberiti, kisha sauti ndogo ya moto. Aliweka sufuria. Nilisimama nikisikiliza kifua chake mpaka maji yalipochemka, na hakukohoa.

Sasa anapikia gesi kila siku, na kila mtungi ukibadilishwa anapaka povu yeye mwenyewe. Mchana kifua chake ni kizuri. Lakini asubuhi, akiamka, kuna kikohozi kifupi ambacho hakikuwepo kabla ya zile wiki tatu za mafiga. Nesi anasema huenda ni kile cha zamani tu. Anasema hivyo kwa wema. Mimi huamka kabla yake, nikalala macho wazi, nikingoja kukisikia.